Alhamisi za Gonja

Kurwa na Doto walizaliwa wakipishana dakika chache, na tangu wiki ya kwanza hawakufanana. Doto alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo ya baba yake. Kurwa alikuwa wa duara, mashavu tele, viwiko vimezama kwenye mikunjo kama vya mtoto mchanga. Walipofikisha miaka tisa hapakuwa na mtu mtaani kwao, pale Same mjini, aliyewaona wameongozana akapita kimya. Muuza mchicha alimwambia Kurwa kwamba anamlia mwenzake chakula. Fundi baiskeli alimwita tajiri. Walisema kwa kutania tu, na mama yao, Shamimu, alicheka pamoja nao, maana ndivyo alivyozoea kufanya tangu utotoni, watu walipokuwa wakimsema yeye.

Shamimu alikuwa na studio ya picha nyuma ya stendi, chumba kimoja chenye pazia jeupe, taa mbili na kompyuta. Watu walimjia kwa picha za pasipoti, za vitambulisho vya shule, za fomu za kazi. Siku hizi hawakutaka picha tu, walitaka warekebishwe. Nipunguze shavu hapa. Nitoe hiki kidevu cha pili. Ning'arishe kidogo, dada, usizidishe. Naye alikuwa na mkono mwepesi kwa kazi hiyo. Kutwa nzima nyuso zilielea mbele yake kwenye kioo cha kompyuta, zikiyeyuka taratibu chini ya kidole chake, na jioni akitoka nje watu wa barabarani walionekana kwake kama kazi ambayo haijakamilika.

Yeye mwenyewe alivaa baibui pana, na chini yake dera pana, na chini yake fulana. Akina mama msikitini walimsifia kwa stara. Kila aliposifiwa alijisikia mwizi, kwa kuwa alijua moyoni kwamba hajisitiri kwa ajili ya Mungu. Alikuwa anauficha mwili ambao hata yeye mwenyewe hakutaka kuuona. Alioga amefumba macho. Alikuwa na kopo la unga wa kukata tumbo alioununua kwenye simu, akiukoroga kwenye maji ya moto asubuhi na kuyaita chai. Kuna wiki alikaa siku mbili, siku tatu, bila chakula cha maana. Njaa ya namna hiyo ikishapita ukali wake inakuwa na utamu. Sauti za stendi zilimjia kwa mbali, kama zinapita kwenye maji. Milima ya Upare, ambayo maisha yake yote ilikuwa imekaa pale pale nyuma ya mji, aliiona kama imetundikwa angani kwa uzi, na yeye mwenyewe akawa mwepesi, anakaribia kutokuwepo. Halafu alikula, na baada ya kula alijichukia kwa siku nyingine tatu.

Hakuna aliyejua. Mumewe, Sefu, aliendesha lori la jasi kutoka Makanya na alikuwa nyumbani mwisho wa wiki tu.

Jumamosi moja mchana alipika wali na maharage, akawapakulia watoto kwenye sinia, naye akakaa pembeni na kikombe chake. Doto alikula. Kurwa alimega matonge mawili, akakunja mikono, akaanza kuusukuma wali wa upande wake uende upande wa mwenzake. Alifanya hivyo kwa ustadi, kwa ncha ya kidole, bila kutazama. Shamimu alimwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," Kurwa alisema. "Leo nafanya kama wewe."

"Kama mimi vipi?"

"Nasema nimeshiba."

Shamimu aliinuka, akaenda uani, akasimama karibu na kamba ya nguo. Kulikuwa na upepo na mashuka yalikuwa yanajaa hewa na kulegea. Alisimama pale mpaka Doto akaja kuuliza kama sabuni ipo. Alitamani arudi ndani, akae kwenye sinia na ale mbele ya mtoto, jambo dogo kabisa, na mwili wake ulikataa. Hapo ndipo alipojua kwamba peke yake hataweza.

Kumpata mtu wa kumwambia ndiko kulikokuwa safari yenyewe. Jumatatu alikwenda hospitali, akapanga foleni, na alipofika dirishani akasema kwa sauti ya chini kwamba anauchukia mwili wake na anataka msaada. Binti wa dirishani hakuwa mbaya, ila hakuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo. Akamwelekeza chumba cha lishe. Kule walimpandisha kwenye mizani kabla hajafungua mdomo, wakaitaja namba kwa sauti, wakampa karatasi yenye picha ya sahani iliyogawanywa. Alitoka akiwa amekunja ile karatasi ndogo kama hirizi, na jioni hiyo hakula kabisa.

Wa pili alimpata kwenye simu, mtu aliyejiita mshauri wa mwili na maisha. Alimsikiliza vizuri, akamwita malkia, na siku ya pili akamtumia picha za makopo ya chai ya kupunguza uzito, yanayofanana na kopo lake mwenyewe isipokuwa rangi. Shamimu alimzuia asimpigie tena, akakaa wiki mbili bila kutafuta mtu.

Kisha akamwambia Sefu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, watoto wameenda kwa bibi yao, jua limeingia hadi katikati ya sebule. Alimweleza kopo, kufumba macho bafuni, na maneno ya Kurwa. Sefu alisikiliza akiwa ameshika funguo za lori, na mkewe alipomaliza, akasema kile ambacho mume mwema angesema, kwamba yeye anampenda hivyo hivyo alivyo na hajawahi kuona kasoro. Maneno hayo yalimpita Shamimu kama yanavyopita magari ya barabara kuu, yanayokwenda Moshi bila kusimama Same. Sefu aliona. Akaweka funguo mezani.

"Miaka yote hii taa ukiizima haraka," alisema polepole, "mimi nilidhani hutaki kuniona mimi."

Shamimu alimtazama. Hilo halikuwahi kumpitia akilini, kwamba kivuli chake kilikuwa kimemwangukia mwingine. Sefu ndiye aliyeuliza kama kuna madaktari wa mambo haya. Shamimu alisema hajui. Sefu alisema basi waulize.

Aliyewajibu alikuwa Gideoni, tabibu wa zahanati moja ya tambarare, aliyekuja studio kupiga picha ya leseni yake. Shamimu alikuwa amejizoeza kusema maneno yale haraka, kabla woga haujamfikia, na akayasema akiwa nyuma ya kamera, ambako uso wake haukuonekana. Gideoni hakucheka wala hakushangaa. Alisema huko juu Gonja kuna muuguzi aliyesomea afya ya akili, anaitwa Namelok, anaona watu kila Alhamisi. Ni Mmasai wa bondeni huku, aliolewa milimani. "Si mtu wa kukuhubiria," alisema. Akaandika namba nyuma ya risiti, akakaa sawa kwenye kiti, akaomba apigwe picha.

Alhamisi ya kwanza Shamimu alipanda gari la alfajiri linalokwenda Ndungu. Njia inazunguka milima kwa upande wa mashariki. Kushoto ni pori la Mkomazi, vichaka vya kijivu visivyo na mwisho, kulia ni ukuta wa milima. Alikuwa hajala tangu jana, na tangu Kisiwani alikuwa anasinzia na kuzinduka, asijue kipi kimemtokea na kipi amekiota. Aliona ng'ombe wengi wamesimama barabarani na kijana wa Kimasai amesimama kwa mguu mmoja katikati yao. Aliona mashamba ya mkonge yamejipanga mistari inayofunguka na kufunga kama vitabu. Aliona mabwawa ya mpunga ya Maore yakiwa yamejaa mawingu, na mwanamke amepinda mgongo akipandikiza miche ndani ya anga.

Pale Maore alishuka, akapanda bodaboda hadi barabara ilipoharibika, akamalizia kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Kwanza ulikula vilele, kisha migomba, kisha njia. Halafu alipotazama chini hakuiona miguu yake. Baibui lake lilipotea kuanzia kiunoni. Alinyoosha mkono na mkono ukafifia kwenye kiwiko. Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu awe msichana hakuwa na mwili, na palikuwa na utulivu pale ambao hajawahi kuujua, maji yanatiririka mahali asipopaona, harufu ya udongo na ya moshi wa jikoni kwa mtu. Angeweza kubaki hapo. Alifikiri hivyo kwa dhati kabisa, kwamba hiki ndicho alichokuwa anakitafuta kwenye lile kopo.

Kisha ubaridi ukamwingia kwenye vidole. Akavitafuta, vidole vya mkono mmoja vikaushika mwingine, akavisugua, akavipulizia pumzi. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi akatokea kwenye weupe, akamsalimu kwa Chasu, lugha ya Wapare, akampisha. Shamimu akaitikia, akaendelea kupanda.

Namelok alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, masikio yametogwa kimila, sweta la kijani juu ya sare nyeupe. Shamimu alimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kumpa kiti. Chumba kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha ambalo halikuonyesha kitu ila ukungu. Hakumpima. Alimwuliza amekujaje, ameacha nani na watoto, amekula nini asubuhi.

"Chai," Shamimu alisema.

"Na nini?"

Shamimu alirekebisha begi mapajani. Namelok hakulifuatilia. Alimwomba amweleze siku ya jana, tangu alipofumbua macho, kila mahali ambapo aliufikiria mwili wake. Shamimu akaona ni jambo rahisi. Akaanza na kuamka, namna anavyoshika tumbo kabla hata hajakumbuka siku gani. Akasema juu ya kuoga. Akasema juu ya nguo, kuivaa na kuivua na kuivaa. Njia ya kwenda studio, ambayo huzunguka ili asipite mbele ya vioo vya duka la vifaa vya ujenzi. Wateja, na jinsi anavyomlinganisha kila mmoja na yeye. Kukaa, na namna ya kukaa, na begi mapajani. Shangazi yake akaingia mwenyewe kwenye maelezo, shangazi ambaye kwenye harusi fulani huko Usangi, Shamimu akiwa na miaka kumi na mitatu, alimpiga kofi la mgongo mbele ya wanawake akasema mume wa huyu atanunua vitanda viwili. Watu walicheka sana siku ile. Shamimu alicheka kuwashinda wote. Kisha akarudi kwenye jana, kwenye manyama uzembe ya mikono, kwenye uji ambao hakuunywa.

Alipotazama juu, Namelok alikuwa ameweka kalamu chini.

"Tumekaa karibu saa nzima," alisema, "na hata saa sita mchana ya jana hatujafika. Umechoka, mama."

Shamimu alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba ni mzuri, au kwamba ni mnene, au kwamba amshukuru Mungu kwa uzima. Hakuwa amejiandaa kuambiwa kwamba amechoka. Alilia kwa kelele ndogo ambayo hakuitambua, na ukungu wa dirishani ukaonekana kama unaingia ndani na kujaa machoni pake. Namelok alimwacha alie. Hakumshika bega wala hakumwambia nyamaza.

Baadaye alimweleza kwa lugha nyepesi kwamba tatizo hili linajulikana, si wazimu, si upungufu wa imani, na linatibika kwa kuongea na kwa kujizoeza kidogo kidogo, kwa miezi, pengine kwa mwaka. Damu yake ipimwe kwa sababu ya ule unga. Kopo asije nalo hapa wala asilifiche, alimwage mwenyewe kwa mkono wake.

"Sitakwambia wewe ni mzuri," alisema. "Mumeo amekwambia?"

"Amesema."

"Ilisaidia?"

"Hapana."

"Basi tutumie njia nyingine."

Hivyo zikaanza Alhamisi za Gonja, kila baada ya wiki mbili. Alhamisi ya kwanza alipewa kazi mbili, ale mchana kwenye sinia moja na watoto, hata matonge manne, na kwa wiki nzima asiguse uso wa mteja yeyote, kila mtu apewe sura yake. Kazi ya pili ilimletea maneno. Mwalimu mmoja alirudisha picha na kwenda studio ya jirani. Lakini mwanamke mwingine, Tumainieli, aliyekuja kutoka Kighare kwa ajili ya fomu ya pensheni, aliishika picha yake isiyorekebishwa akaitazama mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Alisema anaona marehemu mama yake amemkalia usoni, hajawahi kumwona pale. Akaomba nakala nyingine tatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa ngumu zaidi. Tonge la kwanza lilikaa mdomoni kama pamba. Kurwa alimtazama bila kupepesa. Namelok alikuwa amemwonya asimhubirie mtoto kuhusu mwili, amwombe tu radhi kwa alichokosea. Kwa hiyo Shamimu alimeza, akasema kwamba siku zote zile aliposema ameshiba alikuwa hajashiba, alikuwa anasema uongo, na anaomba radhi.

"Nilijua," Kurwa alisema, akachota maharage.

Kesho yake Shamimu alipita kwa muuza mchicha akamwomba, kwa adabu, asimseme tena binti yake kuhusu chakula. Fundi baiskeli naye aliambiwa. Wa kwanza alinuna, wa pili aliona haya, na Shamimu aliharakisha kurudi nyumbani bila kugeuka nyuma, kwa kuwa hajawahi katika maisha yake kumkatiza mtu aliyekuwa anatania.

Haikwenda moja kwa moja. Mwezi wa tatu wa safari hizo, siku ya Idi, shangazi yule yule alikuja Same, sasa mzee, anatembelea fimbo, macho yamefifia. Alimpapasa Shamimu shavu akasema amenawiri. Alisema kwa upendo, na labda hakukumbuka tena harusi wala vitanda. Shamimu alitabasamu, akamkatia keki, na wiki ile akanunua kopo jipya. Alhamisi mbili zilipita hakwenda Gonja. Alikaa studio na ule wepesi wa zamani, sauti zikija kwa mbali, milima imening'inia, na kwa kweli alikuwa ameukumbuka. Aliyemrudisha alikuwa Sefu. Hakumgombeza. Aliomba ruhusa kazini, akampeleka mwenyewe mpaka Maore, akamsubiri huko bondeni kutwa nzima akiongea na wakulima wa mpunga.

Namelok alimwuliza tu wiki hizo zilikuwaje. Shamimu alisema zilikuwa tamu, na aliona aibu kulisema. Namelok alisema ndiyo maana ni vigumu kuziacha, kama zingekuwa chungu tupu, hata yeye asingekuwa na kazi. Walirudi nyuma hatua kadhaa wakaanza tena. Safari hii walianza na mikono. Alitakiwa aitazame mikono yake dakika moja kila siku na kueleza ilichofanya, si inavyoonekana. Ilikuwa imefunga kamba za viatu vya Doto. Ilikuwa imeshika kidevu cha mzee mmoja aliyetetemeka ili picha isiharibike. Mambo madogo madogo ya namna hiyo, na siku nyingi aliona ni upuuzi na akayasema hivyo hivyo, kwa hasira.

Mwezi wa saba, sauti ya kumsema kichwani mwake bado ilikuwepo. Ilikuwa kama redio ya jirani, kuna saa inapiga kelele na kuna saa unasahau kama imewashwa. Alikuwa anakula mchana. Wakati wa kuoga aliweza kufumbua macho, si kila siku. Kurwa alikuwa wa duara vile vile na alikuwa amejiunga na timu ya kuvuta kamba shuleni, ambako uzito wake ulihitajika, naye alijua hivyo na alitembea kifua mbele.

Alhamisi moja ya mwezi huo alifika kituoni akakuta Namelok ameitwa kwa mgonjwa wa dharura kijiji cha jirani. Akaambiwa asubiri. Barazani palikuwa na benchi refu, na watu wanne watano wamekaa kwenye ngazi, wazee wa dawa za presha, mama na mtoto anayekohoa. Jua lilikuwa limetoka, jambo la nadra huko, na ubao wa benchi ulikuwa na joto. Shamimu alikaa. Kisha akajiegemeza. Kisha, kwa kuwa ameamka saa tisa usiku na njia ilikuwa mbaya, akajilaza kabisa, akaweka kiatu chini ya kichwa.

Alilala usingizi mzito wa kitoto. Aliota anapita shambani kwenye maji ya mpunga, maji ni vuguvugu na yanamfika magotini, na hakuna chochote kingine kilichotokea kwenye ndoto hiyo. Mtoto alikohoa, akaondoka na mama yake. Wazee walipewa dawa zao. Mfagiaji alizunguka benchi kwa ufagio asimwamshe. Amelala chali, mikono imeachia, tumbo linapanda na kushuka mbele ya watu wote.

Alizinduliwa na sauti ya Namelok akiomba radhi kwa kuchelewa. Shamimu aliketi, alama ya kiatu imemchora shingoni. Ukungu ulikuwa umeondoka wote. Chini kabisa, kupita mapaa ya mabati na migomba na mashamba ya Maore yanayometa, uwanda wa Mkomazi ulikuwa umetandazwa mpaka pale unapogeuka kuwa anga, na vivuli vya mawingu vilikuwa vinatembea juu yake taratibu, kama mifugo isiyo na mchungaji.

"Umelala sana?" Namelok aliuliza.

"Sijui," Shamimu alisema. "Nadhani nimelala."

Akapapasa chini kutafuta kiatu cha pili, akavivaa vyote viwili, akamfuata ndani.